Chapa ya Tisa ya Popo

Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi Machi. Asubuhi hiyo manyunyu yalikuwa yakianguka membamba kama unga unaochekechwa, na upepo haukuwepo kabisa, hata moshi wa kiwanda cha matofali ukasimama wima juu ya mapaa kana kwamba umeambiwa usubiri. Mchonga funguo aliyatazama manyunyu yale kutoka mlangoni akamshukuru Mungu, kisha hapo hapo akaanza kumlalamikia. Shukrani zilikuwa za uzima. Malalamiko yalikuwa ya karatasi, maana siku hiyo ndiyo alikuwa anakwenda kuchukua picha ya mama yake kwa fundi fremu, na karatasi na maji havipatani.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye kibanda cha vioo kando ya ofisi ya posta. Ndani mlikuwa na mashine ya kuchongea, ubao wenye funguo mbichi zilizoning'inia kama samaki wadogo, na kiti kimoja cha mteja. Kibanda kile alikirithi kwa mama yake, pamoja na mashine na maneno ya kuwaambia wateja wenye haraka. Chenga za shaba zilimwingia kwenye nywele, kwenye kola, mpaka ndani ya viatu. Mumewe alizoea kusema kwamba akimkumbatia tu, yeye mwenyewe anatoka anameremeta.

Picha yenyewe ilikuwa na historia yake. Kulikuwa na mchoraji wa mitaani aliyeitwa Popo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akichora. Watu walilala ukuta ukiwa mtupu, wakaamka ukiwa na ndovu, au na ngazi isiyofika popote, au na mbwa aliyevaa miwani. Mwaka mmoja waliamka wakakuta, kwenye ukuta wa kiwanda cha zamani cha sabuni, mwanamke mkubwa kuliko nyumba ameketi kwenye kiti, kitambaa chekundu kichwani na kishada cha funguo mkononi, anakutazama usoni kama unamdai. Alikuwa mama wa Mchonga funguo na mdogo wake. Mama mwenyewe alikwenda kujiona, akacheka mpaka akashika kiuno. "Sura ni yangu," alisema, "lakini pua hii Popo ameazima kwa nani?"

Mama akafariki. Haikupita muda, kiwanda nacho kikabomolewa ili pawe maegesho ya magari. Siku chache kabla ya ukuta kuanguka, Popo alimtumia Mchapaji, mwenye karakana ya kuchapia picha, mchoro, wakatoa chapa za karatasi arobaini, basi. Kazi ile hufanywa kwa mkono: kitambaa chembamba kinakazwa kwenye fremu ya mbao, wino unasukumwa juu yake kwa ubao wenye mpira, rangi moja baada ya nyingine, karatasi moja baada ya nyingine. Chini ya kila chapa Popo aliandika namba yake na saini kwa penseli. Zilipokwisha, Mchapaji alikipasua kile kitambaa kwa kisu mbele ya watu, ili mtu yeyote asije akachapa ya arobaini na moja. Mchonga funguo alipata ya tisa.

Tangu hapo ugonjwa ukamwingia. Chapa ya ndovu akaipata, ya ngazi akaipata, ya mbwa wa miwani aliingoja kwenye foleni tangu alfajiri. Zote alizilaza kwenye kabati la droo pana lililotupwa na ofisi ya wapima ardhi. "Wenzako wanatundika picha ukutani," mumewe alimwambia, "wewe unazilaza kama wagonjwa." Lakini ya mama alikuwa haitoi hata kwenye droo, kwa kuogopa mwanga. Ilipotangazwa kwamba Jumamosi wakusanyaji wa picha za Popo watakutana kwenye karakana ya Mchapaji, kila mmoja na chapa anayoipenda kuliko zote, ndipo akapiga moyo konde. Aliipeleka kwa mdogo wake aitie fremu.

Mdogo wake ndiye aliyekuwa fundi fremu, na ndiye ndugu pekee aliyebaki naye duniani. Kwa hiyo asubuhi ile, alipofunga mwavuli wake mlangoni mwa duka, hakuwa na wasiwasi wowote. Wasiwasi aliukuta ndani.

"Dada! Umekuja mapema! Karibu, karibu sana. Umekula? Mvua hii, eh? Shemeji hajambo?"

Mdogo wake hakuwa mtu wa maneno mengi. Kwa kawaida salamu yake ilikuwa kuinua kidevu tu, msumari mdomoni. Leo aliuliza maswali matatu hakungoja jibu hata moja. Na fremu ilikuwa imeshafungwa kwenye karatasi ya kaki, kamba pande zote mbili.

"Mbona umeifunga? Nilitaka niione."

"Utaiona nyumbani. Hapa kuna vumbi."

"Vumbi la hapa halipiti kwenye kioo, mdogo wangu. Kata kamba."

Akakata. Alikata polepole, kama mtu anayekata kucha za mtoto wa mwenzake. Karatasi ikaanguka, na mama akatokea nyuma ya kioo, kitambaa chekundu, kishada cha funguo na ile pua ya kuazima. Fremu ilikuwa nzuri, mbao nyeusi, kona zimekutana hata wembe haupiti. Lakini ile kadi nyeupe inayozunguka picha ilikuwa pana mno. Ilikuja mpaka kwenye rangi zenyewe, ikafunika ukingo wote wa chini.

"Namba iko wapi?"

"Iko ndani."

"Nilikwambia kadi iwe nyembamba, ukingo uonekane. Namba na saini ndiyo shahada yake. Tulisemezana hapa hapa."

"Mwanga unakula penseli, Dada. Huu ndio mtindo wa siku hizi. Kwenye majumba makubwa wanafunika." Alikuwa akiyaambia haya makasha ya misumari, si yeye.

Akaigeuza fremu. Mgongo ulikuwa umezibwa kwa karatasi nzito iliyogandishwa kwa gundi pande zote. Mdogo wake huwa anafunga migongo kwa vibanio vinne, ili mteja aweze kufungua mwenyewe.

"Na wifi yangu yuko wapi, mbona hajatoka kunisalimu?"

"Yupo ndani. Kichwa kinamuuma."

Nyuma ya pazia kiti kikasogea. Mchonga funguo alichukua picha yake akatoka. Barabarani manyunyu yalikuwa yamekoma, na yeye hakuona hata kwamba yamekoma.

Kibandani aliisimamisha juu ya kiti cha mteja akaitazama mpaka macho yakamwasha. Ndiyo yenyewe? Katika chapa yake, alikumbuka, wino mwekundu wa kitambaa ulivuka mstari kidogo karibu na sikio. Chapa zinazotolewa kwa mkono hazifanani kama mapacha. Zinafanana kama ndugu. Sasa wekundu ulikuwa umevuka, ndiyo, lakini si zaidi ya alivyokumbuka? Au ni pungufu? Na macho ya mama yalikuwa makali hivi siku zote? Kadiri alivyotazama ndivyo alivyozidi kutokuwa na hakika, mpaka mama mwenyewe akaonekana kama mtu anayejifanya mama.

Hapo ndipo akaingia Bwana Kioo, na kama kuna mtu usiyemtaka siku ya wasiwasi, ndiye huyo. Alikuwa mkaguzi wa forodha aliyestaafu, mkusanyaji mwenzake, na jina lile alipewa kwa sababu ya kioo cha kukuzia alichokivaa shingoni kwa uzi. Miaka yote kazini alikuwa akifungua masanduku ya watu. Baada ya kustaafu alibaki akiyafungua kwa macho.

"Mama Funguo, nichongee wa kufuli hili. Heh! Ndiye huyu?" Tayari alishapiga magoti mbele ya kiti. "Nani amekutilia fremu?"

"Mdogo wangu."

"Mdogo wako." Akasogeza kioo chake mpaka kikakaribia kugusa picha. "Nyekundu hii imetulia sana."

"Imetulia vipi?"

"Sisemi kitu mimi. Nasema imetulia. Namba umeiona kwa macho yako?"

"Imefunikwa na kadi."

"Aaa." Akainuka, akapangusa magoti. "Siku hizi kuna mashine za kunakili picha, Mama Funguo, zinatoa karatasi ambayo hata mama mzazi angeibusu. Mtu anapeleka chapa halali kwa fundi, analetewa nyingine nyuma ya kioo, mgongo umegandishwa. Ile ya kweli imeshasafiri. Simtaji mtu."

"Basi usimtaje."

"Nimeshasema simtaji."

Mchonga funguo akabana ufunguo wa kufuli kwenye mashine, na karibu nao ufunguo mbichi, akawasha. Mashine ikalia. Ulipotoka alizishika zote mbili kiganjani, wa zamani na mpya, akasahau kwa nukta moja upi ni wa mzee. Kazi yake maisha yote ilikuwa hii: niletee kimoja nikupe viwili, na mlango wenyewe hautajua tofauti.

Jioni alimweleza mumewe. Mumewe alikuwa akivua soksi, kazi ambayo huifanya kwa makini.

"Mwulize," alisema.

"Nimwulize nini? 'Mdogo wangu, umemwibia mama?'"

"Ndiyo. Kwa maneno mazuri zaidi kidogo."

"Akikana?"

"Basi amekana. Utakuwa umesikia sauti yake."

"Nimeshasikia sauti yake. Aliniuliza kama nimekula."

Mume akamtazama, akashindwa kuona kosa liko wapi, akarudi kwenye soksi.

Alipopiga magoti kuomba, aliwataja watu wake kama kawaida: mume, watoto walio mbali, majirani, wagonjwa, marehemu mama. Alipofika kwenye jina la mdogo wake ulimi ukakwama. Akaruka, akaomba mengine, akarudi, ukakwama tena. Basi akaomba waziwazi: Ee Mungu, nionyeshe mwizi. Na hapo akajishtukia. Hakuwa ameomba mwizi asiwepo. Alikuwa ameomba aonyeshwe, na moyoni alishamvalisha mwizi huyo aproni ya mdogo wake, yenye mfuko wa misumari. Alijua kwamba maombi ya namna ile hayafai. Lakini kujua ni kitu kimoja, na moyo ulikuwa umeshaenda zake.

Alhamisi alipita mtaa wa mdogo wake. Hakuwa na shughuli mtaa ule. Alisimama upande wa pili, mbele ya duka la viatu, akajifanya anatazama viatu vya kiume. Duka la fremu lilionekana vizuri kwenye kioo. Wifi yake alitoka, yule mwenye kichwa kinachouma, akiwa mzima kama ngoma. Kwapani alikuwa na bahasha pana, bapa, ya kuwekea picha. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaondoka karibu anakimbia, kuelekea upande wa karakana ya Mchapaji.

"Namba ngapi, mama?" mwenye viatu akauliza.

"Namba?" Mchonga funguo alishtuka kama kachomwa sindano.

"Mguu wa mzee. Namba ngapi?"

Alivuka barabara, akaingia dukani kwa mdogo wake. Hapakuwa na mtu mbele. Nyuma ya pazia nyundo ilikuwa ikigonga. Kwenye pipa la vipande vilivyokatwa, juu kabisa, kulikuwa na kipande cha kadi nyeupe. Aliona alama ya penseli. Akakiinua.

Ilikuwa saini ya Popo, yale mabawa mawili yenye ndoano katikati. Chini yake ilikuwepo tena, na tena, ikianza kwa kutetemeka na kuishia imenyooka. Pembeni, kwa mwandiko uliokuwa unajifunza kuwa wa mtu mwingine, ilikuwa imeandikwa tisa kati ya arobaini, tisa kati ya arobaini, mpaka kadi ikajaa.

Nyundo nyuma ya pazia ikanyamaza.

"Nani huko?"

Alikitia kipande kile ndani ya mkoba, akatoka, na hata mlango aliuacha wazi.

Kuanzia hapo hakula vizuri. Angeweza kumwita mdogo wake faragha, wakae wawili tu, waumizane na kusameheana bila ya watu. Alilifikiria hilo Ijumaa nzima huku mashine ikilia. Lakini kila alipolifikiria alikiona kipande cha kadi, na damu ikamchemka upya. Kama ni uongo, mbele za watu utajulikana ni uongo. Kama ni kweli, basi watu wajue. Liwalo na liwe.

Jumamosi karakana ya Mchapaji ilikuwa imefagiliwa, meza ndefu zimesukumwa ukutani, na bado harufu ya wino ilikukamata koo mlangoni. Mchapaji alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono ya mpiga makasia, kucha zake hazijawahi kutakata, na sauti ya kufundishia askari. Alikuwa na desturi yake kwenye mikutano hii. Anaichukua chapa, anasoma namba kwenye ukingo kwa sauti kubwa, wakusanyaji wanaitikia "Ipo!", ndipo inatundikwa. Isiyo na namba haitundikwi. Hakuna kubembelezana.

"Kumi na saba!"

"Ipo!"

"Thelathini na mbili! Nani ameimwagia chai?"

"Si chai, ni kahawa."

"Ah, basi heri. Ipo!"

Watu wakacheka. Mdogo wake alikuwepo, amesimama nyuma karibu na sinki na mkewe, kofia mkononi. Hakuwa mkusanyaji. Amekuja kufanya nini, kama si kulinda uongo wake? Mchonga funguo alisogea mbele na fremu yake nyeusi, na Bwana Kioo akasogea naye bila kualikwa.

Mchapaji akaipokea, akainama, akatafuta. "Fremu tamu. Namba siioni."

"Hata mimi siioni," alisema Mchonga funguo. Sauti yake ilitoka nyembamba kuliko alivyopanga. "Naomba uifungue. Hapa, mbele ya watu wote. Nataka kujua kama huyu ni mama yangu, au ni picha ya mama yangu."

Nyuma, kofia ikaanguka sakafuni.

"Dada," mdogo wake akasema. "Twende nje kidogo."

"Nje kuna nini?"

"Nakuomba."

"Siku zote hizi hukuniomba." Akafungua mkoba, akatoa kile kipande cha kadi, akakiinua juu. "Haya, na hii ni nini? Nani amekuwa akijifunza kuandika jina la Popo dukani kwako? Wifi, ni wewe? Bahasha uliyoitoa Alhamisi kwa kukimbia, ilikuwa na nini?"

"Nilisema mimi," Bwana Kioo akamnong'oneza jirani yake, kwa mnong'ono uliofika mpaka barabarani. "Nyekundu ilikuwa imetulia mno."

Mdogo wake alikuja mbele. Watu wakampisha kama anavyopishwa mtu mwenye ndui. Usoni hakuwa na rangi.

"Fungua," alimwambia Mchapaji.

Mchapaji akachukua kisu, akapasua karatasi ya mgongo, akainua ubao, akaitoa chapa kwa ncha za vidole na kuilaza mezani. Kadi pana ikaondolewa. Kila shingo ikanyooka. Ukingo wa chini ulikuwa mweupe, safi, mtupu kama sahani iliyooshwa. Hapakuwa na namba wala saini.

Kelele zikaanza. Mchonga funguo hakuzisikia. Alikuwa ameomba aonyeshwe, na sasa ameonyeshwa, na hakukuwa na raha yoyote ndani yake. Alitamani mtu amfunike macho.

"Nimeifuta," mdogo wake akasema.

"Umefuta nini?"

"Namba. Na saini. Mimi mwenyewe, kwa mkono huu." Aliutazama mkono wake kama ni wa mgeni. "Unajua kazi yetu. Napima kwa penseli, naweka alama pembeni, na nikimaliza napitisha raba niondoe alama zangu zote kabla ya kufunga kioo. Miaka yote nafanya hivyo, mkono haunisubiri tena. Siku ile niliilaza mezani. Tangu mama afariki sikuwahi kukaa naye peke yangu, Dada. Wewe ulimfungia kwenye droo. Nikawa namtazama. Mkono ukaendelea na kazi. Nilipoangalia chini, vumbi la raba lilikuwa limejaa, na ukingo ni huu hapa."

Hakuna aliyecheka. Mmoja tu, fundi saa wa kona ya soko, alijipiga paji la uso taratibu. Kazi za mkono anazijua.

"Maneno matamu," akasema Bwana Kioo. "Na hizi saini za mazoezi?"

"Nilitaka niirudishie. Nikajifunza usiku na mchana mpaka nikaiweza. Kisha nikaketi na penseli, nikashindwa."

"Kwa nini ulishindwa?" Hili aliuliza Mchonga funguo.

"Dada, mama yuko pale, ananitazama usoni na hizo funguo mkononi. Ungeweza wewe?"

Wifi naye akapaza sauti kutoka kwenye sinki. "Na bahasha yangu ilikuwa na kadi tupu, ya kutiwa saini! Nilikuja kwa Mchapaji kuuliza kama Popo anaweza kusaini mara ya pili. Nikafika mlangoni nikaogopa, nikarudi nayo. Kichwa kimeniuma wiki nzima kwa ajili yenu."

Mchonga funguo alitaka kuamini. Alitaka sana, na kwa sababu hiyo hakuthubutu. "Maneno," alisema. "Karatasi tupu ni karatasi tupu. Nitajuaje kama ni ile ile?"

Mchapaji aliifuta mikono kwenye aproni, akafumba macho, akapitisha kidole gumba kwenye kona ya kulia ya karatasi, polepole, kama anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto. Kikasimama.

"Lete mkono wako," alisema. Akaushika mkono wa Mchonga funguo, akakiweka kidole chake pale pale. Kulikuwa na kiduara kilichobonyea, hakina wino, huwezi kukiona kwa kutazama tu. "Mhuri wangu mkavu. Naugandamiza kwenye kila karatasi inayotoka humu, na chuma chake hakitoki shingoni mwangu hata nikioga. Hauchapwi kwa mashine ya kunakili." Kisha akavuta taa ya meza, akailaza chini kabisa ili mwanga uparaze juu ya karatasi. "Njoo, Bwana Kioo, kifanye kioo chako kifanye kazi ya maana."

Bwana Kioo akainama. Alikaa hapo, akikohoa. "Kuna mkwaruzo," alisema mwishowe, sauti imepungua. "Weusi wa penseli umefutika, lakini ncha yake ilibonyeza. Ni tisa. Na bawa moja."

"Ni ile ile?"

"Ni ile ile, Mama Funguo."

Mchonga funguo akaketi kwenye ndoo ya wino iliyofunikwa. Alimtazama mdogo wake, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alimwona yeye, si aproni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe?" Mdogo wake akacheka, cheko la kuumia. "Nikivunja kikombe utotoni ulikuwa unaita majirani waje kuona vipande. Nikafikiri, nikimwambia ataita watu." Akazungusha macho karakana nzima, sura kwa sura, mpaka akarudi kwake. "Basi ukawaita."

Maneno yale yalimwingia mahali ambapo hakuna kioo wala kadi. Alikumbuka alivyoomba akiwa amepiga magoti, na aibu ikamjaa mpaka masikioni.

"Sasa tufanyeje?" Mchapaji akauliza. "Popo hasaini mara mbili, na kitambaa nimekichana mwenyewe. Bila namba haiingii kwenye hesabu ya arobaini. Kwa mtu yeyote atakayeitaka siku moja, hii ni karatasi yenye rangi."

Bwana Kioo akasogea, akashusha sauti. "Mkwaruzo upo," alisema. "Mtu akipitisha penseli taratibu ndani ya mkwaruzo ule ule, ni kama hakuna kilichotokea. Tuko wenyewe hapa. Nani atajua?"

Watu wote wakamgeukia. Yeye mwenyewe, alipoyasikia maneno yake hewani, akaanza kukisugua kioo chake kwa ncha ya shati.

"Mzee," alisema Mchonga funguo, "wiki nzima umeniogopesha na watu wa namna hiyo."

Kicheko kilipasuka, na ndani ya kicheko kile mdogo wake akachukua kofia yake sakafuni akaelekea mlangoni. Mkewe alimfuata. Mchonga funguo aliona mgongo ule unaondoka, akajua bila kuambiwa na mtu kwamba ukivuka kizingiti hautarudi kwa mwaka, au hautarudi kabisa. Na kwamba karatasi yoyote, yenye namba au isiyo na namba, haitamfaa kitu.

"Mdogo wangu, simama!"

Akasimama, lakini hakugeuka.

Akainuka kwenye ndoo. Kwanza alimwomba msamaha, na maneno yalimtoka vibaya, yakigongana. Alisema nimekudhania, nimekufuatilia, nimechungulia dukani kwako kama mwizi, nikachukua kitu pipani mwako bila ruhusa. Mdogo wake alisikiliza akiwa bado ameupa mgongo umati.

"Utanidhania tena," alisema. "Nakujua, Dada. Wewe hata sala unaifunga kwa kufuli."

"Nitakudhania," alikiri. "Moyo wangu ndivyo ulivyo, naombea kila siku. Lakini kile nitakachokifanya kwa miguu na mikono, hicho nakiweza."

"Ongea kwa sauti, wifi," mke wa mdogo wake akapaza kutoka mlangoni. "Huku hatusikii, na mimi nataka kusikia."

Mchonga funguo akaweka kiganja chake mezani, pembeni mwa ukingo ule mtupu. Mchapaji akapunguza taa. Bwana Kioo akavua kile kioo shingoni, sijui kwa heshima au kwa aibu. Na yule mwanamke akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye sinki na mpaka nje ya mlango:

"Nyinyi wote ni mashahidi wangu, na Mungu ni shahidi wa kwanza. Naahidi chapa hii haitaandikwa namba na mtu yeyote maisha yangu yote, na wala haitarudi kwenye droo. Itakaa nyumbani kwa mdogo wangu, ukutani, akae na mama kadiri anavyotaka. Na zile nyingine zote nilizonazo nitampelekea yeye, moja moja, azitie fremu. Nikishamkabidhi mkononi nitageuka nirudi kazini kwangu, na sitachungulia."